Fundi, Nichukue Chuma au Titani?

*Barua za wasomaji kuhusu baiskeli, na majibu ya fundi wetu wa Majengo, Mombasa*

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Nyali, ghorofa ya tatu, roshani yangu inatazama bahari. Likizo ya Desemba nataka kutoka Likoni hadi Tanga kwa baiskeli, mizigo nimeifunga kwenye fremu na usukani, nikilala njiani. Mungu akipenda, mwaka ujao nipande Taita. Nina kilo 82 na mzigo nakisia 15. Nimepata fremu mbili za saizi yangu. Moja ni ya chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa kromi na molibdeni), mpya, shilingi 75,000 pamoja na foki. Nyingine ni ya titani, imetumika, mwenyewe anahama nchi na anataka 190,000 bila foki. Rafiki yangu ananiambia chuma hapa Mombasa hakimalizi miaka miwili. Fundi mmoja wa Kongowea anasema titani ikipasuka ni ya kutupa. Mke wangu anasema kwa pesa hizo ninunue pikipiki. Nimsikilize nani? Na nikwambie ukweli, mimi si mtu wa kupangusa baiskeli kila siku.
*Mwalimu, Nyali*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mama watoto tumweke kando kwanza. Hoja yake ndiyo nzito kuliko zote, na nikianza nayo ukurasa utaisha.

Wengi wanaoniletea swali hili huuliza ni fremu gani itastahimili safari. Safari si kitu. Ukitoka Likoni ukapita Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi mpaka Lunga Lunga ni lami, kilomita mia moja hivi. Ukivuka mpaka pale Horohoro, Tanga iko kilomita 65 mbele yako, lami vilevile. Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma, kwa hivyo upepo utakusukuma mgongoni. Fremu yoyote nzima itakufikisha. Ninachotaka kujua mimi ni kingine: ikisharudi, itakuwa inalala wapi? Fremu za huku pwani hazifi njiani, zinafia nyumbani.

Na wewe umenijibu kabla sijauliza. Ghorofa ya tatu, roshani inatazama bahari. Usiku upepo unaleta unyevu wenye chumvi na kuutuliza juu ya kila kitu. Jua likitoka unyevu unakauka, chumvi inabaki, na usiku wa pili chumvi hiyo inavuta unyevu tena. Hata wiki isiyo na tone la mvua chuma chako kimelowa. Kutu haihitaji zaidi ya maji na hewa, na chumvi huipa mbio. Tazama vyuma vya madirisha vya jirani zako wanaoelekea baharini, kisha vitazame vya nyumba za upande wa pili wa barabara.

Kutu unayoiona nje, pale rangi ilipochubuka, haininyimi usingizi. Ile inayoua fremu iko ndani. Nikiigeuza fremu ya mtu wa Nyali au Bamburi miguu juu na kuchomoa nguzo ya kiti, mara nyingi hunimwagikia vumbi la kahawia na vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Maji huingilia pale kwenye kiti, huteremka ndani ya paipu na kutuama kwenye nyumba ya ekseli ya pedeli, na hapo ndipo kutu inapokula kimyakimya. Paipu ya kromoli nzuri, katikati yake, ina unene usiofika milimita moja. Hakuna nyama ya kuliwa pale.

Lakini rafiki yako naye ametia chumvi. Miaka miwili ni ya fremu iliyotelekezwa. Zile baiskeli nyeusi za kubebea maji na madafu zimezunguka Kisauni na Likoni tangu enzi za baba zetu, chuma tupu, na bado zipo. Ni kweli paipu zake ni nene, na uzito wake kila mtu anaujua. Ila hata kromoli nyembamba utaishi nayo miaka mingi ukiitibu mapema, kabla haijaumwa.

Matibabu yenyewe ni haya. Ifumue fremu ikiwa mpya: toa foki, ekseli, nguzo ya kiti. Ianike juani mpaka iwe kavu ndani. Nunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa maduka ya rangi kwa ajili ya mbao, uyamimine kupitia kila tundu huku ukiigeuza fremu huku na huku mpaka yapite kila paipu. Iache ichuruzike juu ya magazeti usiku kucha. Baada ya siku kadhaa mafuta hukauka na kuwa utando mwembamba unaozuia maji. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Matambara na magazeti yaliyolowa mafuta hayo usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, maana hupata joto yenyewe na yanaweza kushika moto. Yatandaze nje yakauke. Oili chafu ya gari achana nayo, haikauki na imebeba uchafu wote wa injini. Kuna bwana aliwahi kuniuliza kama sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, inafaa. Huenda inafaa, lakini baiskeli hiyo asiilete kwangu kutengenezwa.

Chini ya nyumba ya ekseli kuna kitundu cha kutolea maji. Kikizibwa na matope, kizibue kwa spoku kuukuu. Na ukirudi kutoka ufuoni, isuuze baiskeli kwa maji ya bomba. Nasema ya bomba kwa makusudi, kwa sababu visima vingi vya kisiwani na huko kwenu Nyali vina maji ya chumvi. Namjua mtu anayeosha baiskeli yake kila Jumapili kwa bidii zote, kwa maji ya kisima, na kuiongezea chumvi ileile anayoikimbia.

Sasa titani. Hiyo kwa kutu haina mpinzani. Hujifunika kwa utando wake yenyewe, na ukiikwaruza utando unarudi papo hapo palipo na hewa. Ndiyo maana hutumika kwenye mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Iache roshani miaka kumi, utaikuta ilivyo. Tena mara nyingi haipakwi rangi, na kwa safari zako hilo ni jambo kubwa. Mikoba inayofungwa kwenye fremu ina mikanda, chini ya mikanda huingia mchanga, na mchanga husaga rangi siku nzima unapoendesha. Kwenye chuma kutu huanzia hapo hapo. Kwenye titani unabaki na alama ya kung'aa, basi. (Ukichukua chuma, bandika plasta ya plastiki kila mahali mkanda unapogusa, kabla ya safari ya kwanza. Baada ya safari ya kwanza umechelewa.)

Ila isiyoshika kutu ni fremu peke yake. Cheni ni chuma. Bering ni chuma. Bolti nazo ni chuma mpaka uzibadilishe. Umeniambia hupendi kupangusa: titani itakusamehe, cheni haitakusamehe. Na nguzo ya kiti ya alumini ukiitia ndani ya titani bila grisi, alumini ndiyo itakayooza, kwa sababu metali mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi ile dhaifu huliwa. Kwa hiyo grisi ni lazima kwa fremu zote mbili.

Uzito sasa, maana ndio watu wanaoulipia. Ni kweli kipande cha titani kina uzito unaozidi kidogo nusu ya kipande cha chuma cha ukubwa uleule. Lakini pia hunepa karibu mara mbili ya chuma, ndipo mtengenezaji analazimika kutumia paipu za kipenyo kikubwa zaidi, na sehemu ya ile faida inarudi. Mwisho wa hesabu, fremu ya titani ya safari huwa kilo moja na nusu hadi mbili, ya kromoli mbili hadi mbili na nusu. Tofauti ni kilo moja kasoro. Jumlisha: kilo 82 zako, 15 za mzigo, baiskeli yenyewe 12 au 13, tunakaribia 110. Na kwa joto la Desemba utabeba lita tatu za maji. Hiyo tofauti utakuwa umeinywa kabla hujafika Ukunda.

Kwenye mlima wa kwenda Wundanyi, huko Taita, utaihisi kidogo, sikatai. Ila pale kitakachokuokoa ni gia nyepesi, mbele meno 30, nyuma 46 au 50. Hiyo ni pesa ndogo kuliko ya fremu.

Utasikia pia kwamba titani inanyonya mitikisiko. Watu waliokwisha kulipa husema hivyo kwa moyo mmoja. Inategemea paipu na maumbile ya fremu, na hata ikiwa kweli, tairi pana la inchi mbili na ziada lenye upepo wa psi 30 au 35 kwenye kipimo cha pampu linanyonya zaidi ya fremu yoyote. Kabla ya yote pima kama tairi la upana huo linaingia kwenye hizo fremu mbili. Ile isiyoliingiza iondoe kwenye hesabu hata kama ni ya dhahabu.

Fundi wako wa Kongowea ana nusu ya ukweli. Kromoli ikipasuka njia za ndani za Kinango, utapata mtu mwenye mtungi wa gesi na kijiti cha shaba ya njano. Shaba ile huyeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi, chuma chenyewe mpaka karibu 1,500, kwa hiyo fundi mwenye mkono mzuri anaunga bila kuyeyusha paipu. Mkatalie tu mashine ya umeme ya kuchomelea mageti, itatoboa. Kiungo hakitakuwa kizuri kwa macho, lakini utafika nyumbani. Titani ni habari nyingine. Ikiwa ya moto hufyonza oksijeni na naitrojeni kutoka hewani na kuwa kitu cha kukatika kama biskuti, kwa hivyo lazima izingirwe na gesi ya argoni nje na ndani ya paipu mpaka ipoe. Mombasa wapo wanaochomelea vyombo vya jikoni za hoteli kwa argoni, na wanajua kazi. Lakini usimpe titani yako mtu ambaye hajakuuliza gesi ya ndani itaingilia wapi. Kwa hiyo si ya kutupa, ni ya kusafirishwa kwa anayeijua, na wakati huo wewe umekaa Kinango. Watengenezaji wengi wa titani hutoa dhamana ndefu, hata ya maisha, ila kwa kawaida ni kwa mnunuzi wa kwanza. Wewe utakuwa wa pili.

Hata hivyo nenda ukaitazame, kutazama hakulipiwi. Chukua tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa kwenye mishono yote: pale paipu zinapokutana kichwani, chini ya kiti, kwenye nyumba ya ekseli, na huko nyuma gurudumu linaposhikwa. Kitambaa kikinasa uzi, simama, mulika, kuna ufa. Halafu tazama rangi ya mshono. Rangi ya fedha au ya majani makavu ni salama. Ukiona buluu iliyokolea, au kijivu chenye ungaunga mweupe, gesi ilikosekana siku fremu ilipochomelewa, mrudishie mwenyewe na umtakie safari njema. Angalia pia sikio linaloshika gia ya nyuma. Kwenye titani mara nyingi ni kipande cha alumini cha kubadilishwa. Muulize kama anacho cha akiba, maana hapa mjini hukipati kirahisi. Kwenye kromoli nyingi sikio ni la chuma, likipinda linanyooshwa.

Ningekuwa wewe ningechukua kromoli. Ni mpya, ina foki, na inakubakishia 115,000, na zaidi, ukikumbuka ile titani bado inadai foki. Kwa pesa hiyo jenga magurudumu ya spoku 32 au 36 kwa mkono wa fundi, nunua matairi ya maana, mikoba isiyopitisha maji na kitu kizuri cha kulalia. Magurudumu ndiyo hufa njiani. Kisha fremu itie mafuta niliyosema, na uilaze ndani. Ndani ya nyumba, mwalimu: ukutani, nyuma ya kochi, popote pasipoonana na bahari.

Mama watoto akisema baiskeli haiingii sebuleni kwake, basi mazungumzo yamebadilika. Lete titani, na mweleze kwamba yeye ndiye aliyeichagua.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Baiskeli yangu ya chuma nguzo ya kiti imeganda, haipandi wala haishuki. Nimeitia mafuta, nimeigonga, wapi. Mdogo wangu anataka kuichoma moto kwa gesi. Nimruhusu?
*Msomaji, Mtwapa*

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usimruhusu. Ikiwa nguzo ni ya alumini, na nyingi ni za alumini, moto utaitanua nguzo karibu mara mbili ya chuma kinachoizunguka, na itabana zaidi. Unachotaka ni baridi. Legeza na utoe kabisa ile klampu ya kiti, igeuze baiskeli miguu juu, na kupitia nyumba ya ekseli mimina amonia kidogo, ambayo hulainisha ule unga mweupe ulioshika nguzo. Fanyia nje penye upepo, vaa glavu, na isikutane kabisa na dawa ya kung'arisha nguo, mvuke wake ni sumu. Iache usiku mzima. Asubuhi suuza vizuri, kisha nenda kwa wauza samaki ukachukue barafu, uitie kwenye mfuko wa plastiki na uifunge kwenye nguzo nusu saa.

Halafu nguzo, si fremu, ibanwe kwenye jiriwa. Toa kiti kwanza, maana kichwa cha nguzo kitaharibika na hutakitaka tena. Shika fremu yenyewe mbele na nyuma, uizungushe pole pole. Fremu ndiyo mkono wako mrefu. Ukisikia mlio wa kukwaruza, furahi, imeachia. Usivute kabla haijazunguka. Ikishindikana yote, inakatwa nguzo na kupasuliwa kwa ndani na msumeno wa chuma, kazi ya kutwa nzima na ya mtu asiye na hasira. Ukitia nguzo mpya, ipake grisi tele, na uichomoe kila baada ya miezi michache hata kama huna sababu.

SWALI: Niaje fundi. Kuna jamaa Kongowea anauza fremu ya mtumba, haina rangi, anaapa ni titani, anataka 25,000. Nitajuaje?
*Kijana wa Kisauni*

JIBU: Poa, kijana. Ng'oa sumaku kwenye spika mbovu uende nayo. Ikishika kwa nguvu, ni chuma, mazungumzo yameisha. Isiposhika usisherehekee: alumini nayo haishikwi na sumaku, na alumini iliyokwanguliwa rangi ndiyo huuzwa kama titani. Kwa hivyo tazama paipu. Za alumini huwa nene sana na mishono yake imevimba, isipokuwa imesagwa laini. Za titani ni za wastani, rangi ya kijivu kilichofifia, mishono midogo iliyopangika safi. Kisha omba ruhusa ukwaruze mahali pasipoonekana, chini ya nyumba ya ekseli, kwa ncha ya chuma kigumu. Alumini italimika kirahisi. Titani itakushinda nguvu. Akikukatalia kukwaruza mahali ambapo hakuna atakayepaona, jibu umepata.

SWALI: Fundi, baiskeli yangu ya safari ina rimu za 700C. Tairi la 28 la baiskeli nyeusi si ndilo hilohilo? Dukani wananiambia litaingia.
*Abiria wa feri, Likoni*

JIBU: Halitaingia vizuri, na likiingia litatoka wakati usiotaka. Yote huitwa 28 lakini rimu ya baiskeli nyeusi ina kipenyo cha milimita 635, yako ina 622. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 50-622. Soma ile ya pili. Tairi za 29 za baiskeli za milimani nazo ni 622, kwa hivyo hizo zitakufaa kama fremu ina nafasi. Ukienda zaidi ya Ukunda usitegemee kuzipata dukani. Beba tyubu mbili na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea kiraka kwa ndani.